Ruhusa ya Kutazama Tu

Fundi Nzomo alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya televisheni, miguu yake tu ikionekana, akiuchomoa waya wa mtandao kwenye rekoda na kuurudisha, kuuchomoa na kuurudisha. Kwenye kochi, Kui alikuwa akimnywesha mama mkwe wake chai. Alimshikia kikombe, mama akainama akanywa, kisha Kui akamfuta kidevu. Tangu Jumapili mikono ya mama ilikuwa inapenya vitu. Kikombe, rimoti, kitasa cha mlango, vyote viliipitisha kama moshi. Kikombe kikishikwa na mtu mwingine alikunywa vizuri tu, na hata kulalamika kwamba sukari ni kidogo.

"Shosho, ukichoka na hiyo mikono niuzie," Nzomo alimwambia bibi huyo kutoka huko chini. "Nitakuwa natengeneza mashine bila kufungua."

"Njoo uchukue. Lakini uniletee ingine ya kukamua. Ng'ombe wangu hawakamuliwi na macho."

Mama aliitwa Wangeci. Alikuwa ametoka Mutuini, anakofuga ng'ombe wawili na kuuza maziwa, na alifika Loresho, mtaa wa matajiri, kwa sababu moja. Kui alikuwa amejifungua msichana, na kwao msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake. Kwa hiyo mtoto naye alikuwa Wangeci. "Nimekuja kujipakata," mama alisema siku ile aliposhuka na gambuti za mpira miguuni na mtungi wa maziwa mkononi. Kibe, mwanawe, alicheka vizuri, akamvua gambuti, akaenda kuziweka nyuma ya nyumba mahali ambapo mtu akiwa langoni hawezi kuziona.

Jumapili watu wa kampuni ya bima anakofanya kazi Kibe walikuja kumwona mtoto. Sasa, hapo kale Kibe alikuwa amemwambia mdosi wake wa kazini, Bi Lornah, kwamba mama yake ni mwalimu mkuu mstaafu. Lilimtoka tu, siku moja wakila chakula cha mchana na watu ambao mama zao walikuwa vitu vya aina hiyo. Basi Lornah alipouliza, kamera ikiwa mkononi mwa Kibe na ikirekodi, "Na huyu mama amempakata mtoto ni nani?", Kibe alijibu kutoka nyuma ya kamera:

"Huyo? Huyo ni mama wa kutusaidia tu."

Papo hapo mtoto akapita katikati ya mikono ya mama, polepole, kama unga kwenye chekeche, akatua juu ya mto wa kochi bila kuamka. Kui akamwokota. Mtu mmoja akaomba apitishiwe kachumbari.

Filamu ya yote hayo sasa ilikuwa ndani ya rekoda ya televisheni. Kwa rimoti Kibe angeweza kufuta sherehe nzima, lakini wazazi wa Kui walikuwa wameiomba. Alichotaka ni kukata kipande kile, na kukata kulihitaji kompyuta. Kompyuta nayo iliiona folda ya rekoda, ikaifungua, ikaicheza filamu mwanzo hadi mwisho, lakini kila alipobonyeza kufuta ilimkatalia. Ndiyo maana akamwita Nzomo, ambaye ana kibanda chake cha kutengeneza mashine katikati ya jiji. Mama hakutaka kitu kikatwe. Kila umeme uliporudi, maana ulikuwa mwaka wa mgao, alimwambia Kui, "Nionyeshe nikiwa nimemshika," na Kui alimwonyesha, akiizima sauti kabla ya swali la Lornah.

Nzomo alilinganisha jina la kikundi cha mtandao kwenye mashine zote mbili, akalikuta ni moja. Akazima ukuta wa usalama wa kompyuta. Akazima kila kitu na kukiwasha tena, ambayo ni dawa ya fundi aliyeishiwa dawa. Kila mara aliicheza filamu kupima, na hakuizima sauti. Mwisho akaingia kwenye mipangilio ya rekoda yenyewe, akacheka.

"Mkubwa, hii mashine iko poa. Ni wewe haikujui."

"Hainijui vipi? Ni mimi nimeinunua."

"Risiti haiwezi soma. Umeingia kama mgeni, na mgeni hapa ana ruhusa ya kutazama tu. Kugusa, zii. Lazima mwenye nyumba aandikwe kwa jina."

"Kumbe," mama alisema kwenye kochi. "Na mimi nilidhani ni baridi yabisi."

Nzomo alikohoa.

"Hata shosho basi si umwandike tu, mkubwa. Mbele ya wale walikusikia."

"Nitamwandika," Kibe alisema akiliangalia zulia.

Gari likapiga honi langoni. Alikuwa Lornah, ameleta blanketi la mtoto ambalo Jumapili alilisahau nyumbani kwake. Alikaribishwa, akapewa chai, akakaa mkabala na mama. Kui alimkazia mumewe macho hadi yakamtoka machozi. Mama akakaza kilemba, akapanga mikono mapajani namna mtu anavyoipanga akisubiri kupokea mtoto, na Kui akasogea karibu akiwa na mtoto.

"Kibe," Lornah alisema, "mwalimu bado hajakuja kumwona mjukuu?"

Kibe akafungua mdomo. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Alilijua kabla hajaota meno.

"Yuko njiani," alisema.

"Na huyu mama bado mko naye? Ni mzuri."

"Huyu ni... ni mtu wa kwetu. Anatusaidia sana."

Mama alikishusha kiganja juu ya meza, na meza ikakizuia. Akajaribu kikombe chake, kikashikika. Akajaribu sinia. Akakusanya vyombo vyote, cha Lornah pia, na Lornah akamwambia asante sana mama. Jikoni kukasikika maji yakifunguliwa na sufuria zikisuguliwa. Mama aliporudi alikuwa amejifuta mikono vizuri. Alinyoosha mikono akaipitisha chini ya mtoto, na mikono ikampenya mtoto ikatokea upande wa pili, bila kumwamsha.

"Angalau kuna maendeleo," Kibe alisema, Lornah alipokwisha kwenda.

Nzomo, ambaye hakuwa amefunga mdomo tangu afike, aliufunga. Alimwandika Kibe kwenye rekoda, akakusanya bisibisi zake, akamuaga shosho kwa mikono miwili. Mkono wa shosho ulimshika. Wakapeana mikono kama kawaida, naye akatoka.

Jioni hiyo rekoda ilimtambua Kibe bila shida. Alikikata kipande. Kwa kuwa swali la Lornah lilikuja mara tu mama alipopewa mtoto, ilibidi aanze kukata kutoka hapo, na filamu sasa ilitoka kwenye sala ikaingia moja kwa moja kwenye pilau. Ilikaa vizuri. Mtu asiyejua asingejua.

"Nionyeshe nikiwa nimemshika," mama alisema.

Kui aliinuka akaenda chumbani.

"Imeharibika hapo kidogo, maitu," Kibe akajibu. Alimwita maitu, yaani mama kwa lugha yao, bila taabu yoyote, maana ndani ya nyumba walikuwa wenyewe.

Mama akasema si neno, mashine ni mashine. Akaenda nje kuanua nepi. Alirudi nazo, akaketi, akazikunja moja moja juu ya mapaja, pembe kwa pembe, bila hata moja kumponyoka. Ya mwisho alikawia nayo, ameipakata.