Sindano ya Gramafoni

Masikio yalipomfia kabisa, yule seremala mzee aliacha starehe zote isipokuwa rokenroli. Kila Jumapili mchana mkewe aliweka kwenye gramafoni santuri ile ile ya ujana wao, naye akapiga magoti, akang'ata ukingo wa sanduku alilolitengeneza mwenyewe, na ngoma zikamwingia kwa meno mpaka kisogoni. Mkewe aliketi nyuma ya sanduku, mkono ameuegemeza kwenye ubavu wa sanduku hilo.

Mwaka wa mwisho seremala alianza kununa. "Wimbo umelegea! Rokenroli gani hii ya kusindikiza maiti?" Mkewe aliitikia kwa kichwa. Jumapili iliyofuata ngoma zilikaza mwendo kidogo, kisha zikalegea tena.

Alipokwisha kumzika mkewe, seremala aliweka santuri mwenyewe. Ikazunguka. Akang'ata mbao mpaka fizi zikamuuma, asisikie chochote. Akambwatukia binti yake: "Mmelifanya nini sanduku langu?"

Binti aliinua mkono wa gramafoni, akamwonyesha ncha tupu. Kisha akachukua penseli ya baba yake, akaandika kwenye kipande cha ubao: "Sindano ilivunjika miaka minne iliyopita, tukakosa nyingine. Mama alikuwa anakupigia kwa vidole."

Seremala alisoma mara mbili. Akavikumbuka vidole vile, vilivyokuwa vimevimba hata kifungo cha gauni vikashindwa kukifunga, na yeye akivifokea kila Jumapili viongeze mwendo.