Maoni ya Mtunza Stoo

Jumatatu saa mbili asubuhi, siku moja baada ya tamthilia ya upelelezi kufika sehemu ya mwisho, simu zote sita za kitengo cha maoni cha kituo cha televisheni zilikuwa zinaita. Mpokea maoni, mwanamke mwenye mdomo mwepesi, alikuwa na masikio mawili tu, akayatumia yote. Mtazamaji mmoja alitaka inspekta aozwe upesi kabla hajaota mvi. Mwingine alisema muuaji alimjua tangu sehemu ya pili, kwa jinsi alivyokuwa anakoroga chai. Karibu wote walipenda mwisho: mdogo mtu alimsukuma kaka yake ndani ya tangi la rangi, kwa wivu, na hakimu akampa kifungo cha maisha.

Saa nne akaingia mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, aliyekufa miaka mitatu iliyopita. Rangi nyeupe ilikuwa bado inamchuruzika mikononi. Mama wa usafi akatazama nyayo zake sakafuni.

"Baba, ndiyo kwanza nimepiga deki."

"Nisamehe, mama. Haikauki hii."

Akamtandikia gazeti la jana, marehemu akasimama juu yake.

"Nina maoni," alimwambia mpokea maoni. "Hadithi ile ni yangu. Wamebadilisha majina tu, halafu wakakosea mwisho."

"Kaka yangu, wewe ni wa sitini leo kuniambia hadithi ni yake. Haya, lete."

"Mdogo wangu hakunisukuma. Siku ile alikuwa nyumbani kwangu, juu ya paa, anaziba matundu. Aliyenisukuma ni bosi. Niligoma kutia sahihi kwamba tangi limewekewa uzio. Sasa mdogo wangu yuko ndani mwaka wa tatu. Hata mkewe ameacha kumpelekea sabuni."

Mpokea maoni aliandika yote kwa mwandiko mzuri. Fomu ilipojaa akageuza nyuma, akaendelea.

"Namba ya simu?"

"Nilizikwa bila simu."

Maoni yasiyo na namba ya simu hayakuwa yanapokelewa na mashine. Mpokea maoni alifikiri kidogo, akaandika namba yake mwenyewe. Mashine ikalia. Msimamizi akaja, kalamu nyuma ya sikio, akainamia kioo cha mashine.

"Namba hii ilishatoa maoni jana saa tatu na robo usiku. 'Nimependa sana.' Namba moja, maoni mamoja, na mashine inashika ya kwanza."

Mpokea maoni akaitazama namba yake kwenye kioo. Jana, hukumu iliposomwa, alikuwa amepiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Nifutie basi, mkuu."

"Haifutiki. Halafu fomu inauliza kama mtu amependa. Haiulizi kama ni kweli."

Msimamizi akampa marehemu mkono wa pole kwa msiba wake, akajifuta rangi kwa leso, akarudi mezani. Fomu ikawekwa kwenye trei ya waliopenda.

Waliopenda walifika asilimia tisini na saba. Kwa heshima yao, sehemu ya mwisho ilirudiwa Jumamosi alasiri.

Alasiri hiyo marehemu alikwenda gerezani. Askari wa lango alimpekua, akamwandika kwenye daftari la wageni, upande wa ndugu. Ukumbini wafungwa walikuwa wameshawasha televisheni. Mdogo wake akasogea kwenye benchi kumpisha.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Kuna dada mmoja kaandika vizuri sana, mbele na nyuma."

"Wakasemaje?"

"Wamenihesabu."

Mdogo mtu akatikisa kichwa. Kwenye kioo hakimu akavaa miwani, akasoma hukumu. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nyapara alikuwa anapita kati ya mabenchi kuangalia nani hapigi, kwa hiyo mdogo mtu naye akapiga.