Lori la Ijumaa

Karugendo hakuwa mvivu, na anayesema alikuwa mvivu hakumjua. Mvivu hulala akasahau. Karugendo hakulala wala hakusahau. Kila kazi iliyomngoja aliijua kwa jina, alikueleza hata namna bora ya kuifanya, halafu akasema ataianza kesho. Pale Kimwani, katika kijiji cha ujamaa ambacho watu walitoka pande zote za mkoa kuja kukianzisha, walimbatiza jina la Nyenkya, ambalo kwa Kihaya ndiyo hiyo kesho. Aliitwa hivyo mbele ya mke wake na hakukasirika. Labda alipanga kukasirika siku nyingine.

Aliletwa na lori mwezi wa nane, mwaka 1974, yeye na mkewe Klaudia, kutoka Kamachumu. Kule nyumbani kibanja, shamba la migomba la marehemu baba, kilikuwa kimekwenda kwa kaka yake mkubwa, Byarugaba, kama desturi inavyotaka, na kipande kilichobaki hakikutosha hata banda la mbuzi. Byarugaba alimwambia atangulie Kimwani, mambo ya ardhi wataangalia baadaye. Neno hilo, wataangalia, ndilo lililommaliza. Karugendo alilishika kama mtu aliyeshika hati. Moyoni alijiona mgeni wa miezi miwili mitatu, na aliona uchungu kuchimba mashimo ya migomba mahali ambapo hakukusudia kukaa.

Sasa, siku ya kuondoka, mama yake, Ma Felicitas, alikuwa amemkabidhi miche ishirini ya migomba. Aliichimbua mwenyewe, akaisafisha mizizi kwa kisu, akaifunga kwa majani makavu. Haikuwa miche ya kuokota njiani. Ilikuwa nshakala, mbegu ya migomba ya kwao aliyokuja nayo alipoolewa, aliyopewa na mama yake, na mama yake alipewa na wake. Mshipa wa katikati ya jani una wekundu, na ndizi zake zikipikwa huiva upesi, zinalainika, zinanukia nyumba nzima. Alimwambia mwanawe aipande kabla wiki haijaisha.

Wiki ikaisha. Miche ilikuwa imeegemezwa ukutani kwenye kivuli, na Karugendo aliimwagia maji kila jioni kwa uangalifu mkubwa, akisema anasubiri mvua zishike vizuri. Mvua zikashika. Akasema udongo ni wa kuchunguza kwanza. Mwenyekiti wa kijiji, Rugaibula, alipita mara mbili kumkumbusha kwamba ekari aliyogawiwa bado ni nyasi tupu, na mara zote mbili alikaribishwa kahawa ya kutafuna na kuahidiwa. Ilipofika mwezi wa kumi miche kumi na sita ilikuwa imeoza. Minne iliyobaki Klaudia aliipanda mwenyewe nyuma ya jiko, nayo haikushika. Aliing'oa akaitupa, na siku mbili hakuzungumza na mumewe.

Jamani, hapo bado palikuwa na nafasi ya kusema. Barua moja fupi kwenda Kamachumu, mama naomba radhi, nitumie mingine, ingeyamaliza. Karugendo aliandika barua, ndiyo, tena kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni. Aliandika kwamba migomba yote imeshika na imetoa majani matatu. Barua ya pili, majani yalikuwa yamefunika ardhi. Ya tatu, mashina yalikuwa yameanza kutoa watoto. Kwenye karatasi kibanja kilistawi vizuri sana, na kadiri kilivyostawi ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kwake kushika jembe, kwa sababu kupanda mche mmoja tu kungekuwa kukiri kwamba kibanja kile hakikuwepo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, barua ya mama ikafika, imeandikwa na katekista kwa niaba yake. Ilisema wadudu wa fukusi wameingia kwenye kibanja cha Kamachumu. Wametoboa visiki chini kwa chini, migomba inaanguka yenyewe bila upepo, na ile nshakala ya kwao imekwisha yote. Lakini anamshukuru Mungu na anamshukuru Karugendo. Baada ya wiki tatu atakuja Kimwani kuchukua watoto wa migomba yake, arudi nao nyumbani kuanza upya.

Karugendo aliisoma mara tatu, akaikunja, akakaa chini. Klaudia aliichukua akaisoma, kisha akamwambia jambo moja tu, aandike leo, aseme ukweli, lori la kesho lichukue barua. Alijibu kwamba ataandika. Badala yake, kesho yake alfajiri alikwenda shambani na jembe.

Kijiji kizima kilishangaa. Siku kumi na nane mtu yule alilima kuanzia jua linachomoza hadi linazama. Alifyeka nyasi, alichimba mashimo ya kina kinachotakiwa, alibeba samadi kichwani. Kwa jirani yake Josia aliomba miche mikubwa, yenye kimo cha mtu, akaichimbua na udongo wake, akaipanda kwa mistari iliyonyooka, akatandaza nyasi nene chini ili udongo mpya usionekane. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakakauka. Na hili nalisema kwa sababu ni kweli, siku zile alikuwa na furaha. Usingizi ulimjia bila kubembelezwa. Alistaajabu kuona kwamba kazi aliyoiogopa mwaka mzima ilikuwa kazi tu, unainama, unachimba, shimo linapatikana. Kilichomchoma ni kujua kwamba shamba zuri namna ile alikuwa analilima ili kumdanganya mama yake.

Ma Felicitas alifika Alhamisi jioni kwa lori la kijiji, lile linalokwenda Muleba na kurudi mara mbili kwa wiki. Alikuwa amechoka, amejaa vumbi, na mkononi ana kikapu kikubwa kitupu. Hakutaka hata kunywa maji kwanza. Alitaka shamba. Alipita kati ya mistari polepole, akashika jani moja, akaliachia, akagusa nyasi kwa ncha ya mguu. Karugendo alimfuata nyuma akieleza kwa haraka kwamba jua lilikuwa kali mwaka huu, migomba imechelewa, watoto bado, labda mwakani. Mama aliitikia tu. Alisema shamba limelimwa vizuri.

Wakati wa chakula alizungumza habari za nyumbani, na katikati ya habari hizo akataja dada yake Joviana wa Nyanga, kule Bukoba mjini. Joviana alipewa miche ya nshakala ile ile miaka mingi iliyopita, na mashina manne bado yapo nyuma ya nyumba yake, mazima, fukusi hawajafika. Ila mwanawe, Aristides, anajenga nyumba ya matofali pale pale. Vibarua wanaanza kusafisha kiwanja Jumamosi asubuhi, na Aristides ni mtu wa kufuata maagizo ya bwana shamba, kila kisiki kikatwekatwe na kuchomwa moto. Joviana alikuwa amemtumia ujumbe aende kuchukua. Yeye akajibu kwamba hakuna haja, ya kwake iko Kimwani.

Alisema hivyo akimtazama mwanawe, kisha akarudi kwenye sahani yake.

Karugendo alipiga hesabu kichwani. Hesabu ilikuwa rahisi, hata mtoto wa darasa la kwanza angeiweza. Lori linaondoka Ijumaa saa mbili asubuhi. Ukilipanda, saa tano uko Muleba, unapata basi, jioni uko Nyanga, na Jumamosi vibarua wanakukuta umeshachimbua. Ukilikosa, linalofuata ni la Jumanne. Klaudia alimkanyaga mguu chini ya meza. Karugendo akafungua mdomo, akamwuliza mama kama anataka mchuzi zaidi.

Akajiambia acha ale ashibe kwanza. Alipokwisha kula akajiambia amechoka na safari, si vizuri kumlaza na habari mbaya, nitamwambia alfajiri. Alfajiri mama alikuwa anasali rozari yake, na nani anamkatiza mtu anayesali? Alipomaliza alikuwa anaoga. Saa moja na nusu Karugendo alisimama mlangoni, maneno yote yamepangwa, hata lile la kwanza, Mawe, yaani mama yangu, lilikuwa ulimini. Mama alikuwa ameketi kitandani, amevaa, amejifunga kitambaa kichwani, kikapu kando ya miguu yake. Aliinua macho akamtazama, akasubiri. Karugendo akasema anakwenda mara moja kumsalimu Josia.

Akiwa kwa Josia alisikia lori linawashwa. Lilikohoa, likanyamaza, likawashwa tena, likapita barabarani na magunia yake ya mahindi. Loo, mtu yule aliona aibu hata ya kupumua.

Alimwambia mama saa sita mchana. Alipiga magoti nje ya jiko akasema yote bila kuficha: miche iliyooza, barua, migomba ya Josia. Alilia akisema. Ma Felicitas hakumkemea. Alimwambia tu, kwa sauti ya kawaida, "Aristides anaanza kesho asubuhi. Nenda."

Karugendo alikimbia hadi duka la ushirika la kijiji. Mwuzaji alikuwa Burhani, mtu wa Bukoba mjini mwenye maneno mengi, na ndiye aliyekuwa na baiskeli nzima kuliko zote pale. Alianza kumtania, Bwana Nyenkya leo ana haraka ya nini, lakini alipomwona uso aliisukuma baiskeli nje. Alipoelezwa habari yenyewe alimwambia simu ya maandishi asihangaike nayo, posta ya Muleba itakuwa imefungwa akifika, na hata ingekuwa wazi ingemfikia Aristides Jumatatu.

Alipiga pedeli mchana kutwa. Milimani alishuka akaisukuma, kwenye mteremko aliiachia mpaka akaogopa. Mnyororo ulikatika mara moja akaufunga kwa waya. Aliingia Muleba giza limeshakolea, akalala kwenye kibaraza cha duka la watu, na Jumamosi basi la kwanza lilikuja limejaa, likampita. La pili lilimchukua saa nne, baiskeli ameiacha kwa mwenye duka. Njia nzima alikaa ukingoni mwa kiti akilisukuma kwa mwili wake, hata abiria mmoja akamwuliza kama ana mgonjwa hospitali. Alijibu ndiyo. Hakuwa na nguvu ya kueleza.

Nyanga alifika saa nane. Kiwanja kilikuwa kimesafishwa, kimetandazwa, kamba za msingi zimeshafungwa kwenye vigingi. Pembeni palikuwa na lundo la majivu linalofuka. Aristides, kijana nadhifu wa ofisini, alimpokea vizuri, akamwambia kama angejua asingeigusa migomba ile, lakini mama mkubwa mwenyewe alituma neno kwamba haihitajiki. Walianza saa moja. Hiyo ya nshakala ndiyo waliyoanza nayo. Karugendo aliomba jembe. Alipekua majivu, akachimba mahali mashina yalipokuwa, chini kabisa, mpaka vibarua wakaacha kucheka. Alipata vipande vyeusi vilivyoiva kwa moto, kimoja kimoja alikipasua kwa kisu kutafuta jicho lililo hai. Havikuwa nalo. Mama mdogo Joviana alitoka ndani, akamshika bega, akamwambia inatosha.

Alirudi Kimwani Jumapili jioni. Njia nzima hakupanga maneno. Ma Felicitas alikuwa shambani pamoja na Klaudia, anapunguza majani makavu ya ile migomba ya Josia. Karugendo aliilaza baiskeli chini, akaenda moja kwa moja, hakungoja kusalimiwa wala kupewa maji.

"Mawe, sikuipata. Wameichoma yote. Nimechelewa kwa saa saba."

Mama aliendelea na jani alilokuwa nalo mpaka likatoka. Kisha akaliweka chini.

"Nilijua tangu Alhamisi," alisema. "Migomba hii si yangu. Niliposhika jani la kwanza nilijua."

Karugendo hakuelewa. Klaudia, aliyekuwa nyuma yao, alielewa kabla yake, na alifunika mdomo kwa mkono.

"Ya mwaka jana nilikusamehe pale pale, kabla hatujatoka shambani. Miche huoza. Nikakutajia Nyanga. Nikakutajia Jumamosi. Nikasema, mwanangu atasema tu kabla lori halijaondoka."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilitaka useme mwenyewe." Alijifuta mikono kwenye kanga, akaikunja, akaikunjua. "Asubuhi ile nilikuwa nimevaa, nimekaa. Nina miguu, nina nauli, ningepanda lori bila wewe. Nililisikia likiwashwa. Nikasema bado, ngoja kidogo, atarudi kutoka kwa Josia aseme."

Alitazama ile migomba ya watu, mstari baada ya mstari.

"Nikangoja, Karugendo. Na mimi nikangoja. Tumeimaliza sisi wawili."

Karugendo aliketi chini kwenye nyasi alizozitandaza mwenyewe, akalia mbele ya mama yake na mkewe, na hakuna aliyemwambia anyamaze.