Upande wa Baba

Kifuko cha tano cha maji kiliisha kabla cherehani ya Konadu haijamaliza upindo wa kwanza. Mafundi wenzake wawili pale kibandani, mtaa wa Asafo, walishazoea, wakamuuliza kama ameposwa na tangi. Konadu alicheka nao, huku akivua viatu kimyakimya chini ya meza. Miguu ilikuwa imevimba tena.

Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa Kumasi nzima hushona nyeusi za mazishi ya Jumamosi. Safari hii nyeusi ilikuwa ya kwao. Kesho walikuwa wanamzika Nsiah, mdogo wa marehemu baba yake, aliyekufa akiwa na miaka thelathini na minane baada ya figo kugoma.

Shangazi Dufie alifika saa nne kuchukua gauni la msiba. Muuza samaki wakavu yule, mdomo wake haulali. Alianza na habari za mjane, akaingia za jeneza lililochelewa kwa fundi, na katikati ya kicheko akanyamaza. Alikuwa anatazama vifuko vitupu. Akainama, akashika kifundo cha mguu wa binti wa kaka yake, akabonyeza kwa kidole gumba. Kishimo kikabaki.

"Tangu lini?"

"Miezi sasa, shangazi. Nina sukari kidogo. Naenda zahanati."

"Na umewaambia habari za baba yako?"

Konadu hakuwa amewaambia. Sista, muuguzi wa zahanati, alipomuuliza kama ukoo wao una mwenye sukari, alijibu hakuna, wala hakudanganya. Kwa mila za kwao, ukoo ni wa mama. Damu mtu huipata kwa mama yake. Baba humpa jina na roho, na roho haina sukari. Kwa kina mama yake watu huishi mpaka wanasahau umri wao.

"Baba yako alikunywa maji hivihivi, akiwa na umri wako," Dufie alisema, sauti ikimshuka. "Na mama yetu kabla yake. Na Nsiah. Wote niliwakanda mimi, mwanangu. Hii miguu naijua."



Wakaenda zahanati pamoja. Sista alisikiliza huku akigonga mihuri, kisha akaacha kugonga. Akawaeleza kwamba sukari ya kurithi haichagui upande, na huanza kula figo polepole tangu ujanani. Ikiwahiwa, vipo vidonge vya kuzilinda. Konadu akaomba apimwe mkojo hapohapo, ana miaka ishirini na minne, hataki kungoja. Vipimo vilikuwa vimeisha tangu mwezi uliopita. Daktari huja Jumanne tu. Na lile "hakuna" katika fomu lilishapelekwa wilayani. Kulibadilisha kunahitaji barua ya uthibitisho.

"Barua?" Dufie aliuliza. "Wa kuthibitisha wako makaburini, sista. Mmoja bado yuko mochwari, tukuletee?"

Sista aliinamisha uso. Alisema yeye hapangi, yeye huandika tu. Lakini walipofika mlangoni aliwafuata, akamshika Konadu bega. "Jumanne uje na majina yao, na umri walioanza kuumwa. Na walio hai uje nao. Mtu mmoja ni rahisi kumrudisha nyumbani."

Jumamosi, katikati ya ngoma na viti vya plastiki, Konadu alizunguka msibani na daftari lake la vipimo, lile la vifua na viuno. Watu walidhani anatafuta kazi. Bibi mmoja aliinua mikono apimwe, akamwambia kiuno akipunguze kidogo kwa heshima ya marehemu. Konadu alichuchumaa mbele ya kila mmoja akauliza nani kwao hunywa maji sana. Wakacheka. Kisha Boadu, mtoto wa Nsiah, miaka kumi na tisa, akaweka chini chupa yake ya tatu ya maji, akakunja mguu wa suruali mwenyewe.

Konadu alibonyeza kama alivyobonyezwa. Wakangoja wote wawili. Kishimo kikabaki.

"Haiumi, dada," Boadu alisema.

"Najua," Konadu akajibu, akamkunjulia mguu wa suruali taratibu, akaikung'uta vumbi.

Jumanne, dirisha la zahanati lilipofunguliwa, karatasi inayosema vipimo hakuna ilikuwa bado imebandikwa. Chini yake, kwenye benchi, walikaa watu saba wa upande wa baba, wote katika nguo za msiba, wamevua viatu, daftari likiwa mapajani mwa Konadu.