Jibu la Mkulima

Ng'ombe kumi na mmoja wa Halake walikufa maji Alhamisi. Lois Buya alipoambiwa, alimaliza kwanza chai yake.

Hakusikia kitu moyoni. Alifungua kompyuta ya kamati ya mafuriko pale Garsen, akatafuta rekodi za jumbe. Programu ya kujibu jumbe hizo aliiandika yeye, diploma yake haijatimiza mwaka. Mtu akituma neno MTO kwa simu, kipande kimoja cha programu, funksheni, kiliangalia vipimo vya maji ya mto na kurudisha jibu. Swali lilikuwa moja, lakini jibu lilitegemea muulizaji. Namba iliyosajiliwa kuwa ya mkulima, anayengoja mafuriko apande mpunga, ilijibiwa: "Heri. Andaa mbegu." Namba ya mfugaji, kwa maji yale yale: "Hama leo."

Jumanne, saa nne asubuhi, aliyeuliza alikuwa baba yake, Buya, mkulima.

Halake, mfugaji, hakuwa na simu siku hiyo. Kila wiki aliiacha kijijini Golbanti kwa rafiki yake Buya ichajiwe kwenye sola, kisha akarudi kwa mifugo yake ng'ambo ya mto. Alikwisha kupanda mtumbwi alipokumbuka kuwa hajauliza hali ya maji.

"Buya! Niulizie mto!"

Buya akauliza kwa simu yake mwenyewe, akasoma neno la kwanza, akapaza sauti: "Heri, ndugu yangu!"

Halake hakuhama.

Jumamosi kamati ilikutana. Kazungu, mwenyekiti, hakuzungusha maneno. "Binti, muombe mzee radhi tumalize. Ukikataa, hiyo kompyuta utaiacha hapo mezani."

"Lois, mwanangu," baba yake akasema kwa sauti ya chini, "mimi na huyu tumekula sahani moja miaka thelathini. Usinivunjie nyumba."

Halake aliutazama mkono wake mwenyewe. "Sidai ng'ombe. Nataka mtu mmoja tu aseme amekosa."

Lois alingoja uchungu uje. Haukuja. Aliona tope lililokauka kwenye viatu vya Halake, limepasuka vipande vipande, akajikuta akivihesabu.

"Mwezi wa tatu nilileta hapa jibu refu," alisema. "Kila anayeuliza aambiwe yote, ya mbegu na ya ng'ombe. Mzee Kazungu, ulisemaje?"

"Hayo yamepita."

"Ulisema mfugaji akijua siku yetu ya kupanda, atatuletea ng'ombe shambani. Mkainua mikono kulikataa. Baba, na wewe uliinua."

Buya akainamisha kichwa.

"Lakini mkono ulioandika ni wako," Kazungu akafoka. "Au diploma imekufundisha kukana?"

"Ni wangu. Niliandika vizuri kabisa. Mlitaka kitu kinachomtazama mtu kabla ya kumjibu, nikawapa. Kilimtazama baba yangu, kikaona mkulima, kikamjibu mkulima."

"Mtoto huyu ana jiwe kifuani," mtu mmoja akanong'ona nyuma.

Labda. Lois alisukuma kompyuta hadi katikati ya meza, na waya wake akauzungusha juu yake taratibu. Akamgeukia Halake.

"Mzee wangu, pole kwa msiba. Hiyo pole ni yako, na naitoa kwa moyo wangu wote, hata kama leo siusikii."

"Na radhi?" Kazungu akauliza.

"Radhi siombi."

"Lois!" baba yake akasema.

"Siombi, Baba. Si leo, si kesho."