Samaki Asiye na Mkia

Chouchou alisomea ufundi wa vipimo Lubumbashi, kabla vita havijamtoa Pweto na kumleta kambi ya wakimbizi ya Mantapala. Kiwanda cha kugandisha samaki cha Nchelenge, kando ya ziwa, kilipofunga kamera juu ya mkanda unaobeba samaki, yeye ndiye aliyeajiriwa kuitunza. Kamera ilipima urefu. Samaki mfupi mno alisukumwa kando, na aliyemleta akahesabiwa mvuvi wa samaki wachanga.

Ndivyo Mama Mwewa wa Kilwa, kisiwa kilicho katika ziwa hilo, alivyopigwa marufuku kuuza pale. Samaki wake walifika alasiri, na alasiri karibu nusu walikataliwa. Chouchou aliokota mmoja, akamlaza kwenye rula. Alikuwa amezidi kipimo.

Akapitisha chini ya kamera kipande cha chuma ambacho urefu wake aliujua. Kamera ikakisoma kifupi kuliko kilivyo. Alisimama akitazama mpaka akaona: jua lilipiga ziwa, likaingia dirishani na kumulika mkanda mweupe. Mkia uliolowa ukang'aa pamoja na mkanda, na kamera ikamwona samaki asiye na mkia. Akabonyeza swichi nyekundu. Mkanda ukasimama.

Meneja, Ba Mathews kama walivyomwita kwa heshima, alikuja mbio. Lori la kupeleka samaki Kitwe lilikuwa linangoja. Alisema kamera si mtu, haina chuki na watu wa Kilwa.

"Haina chuki, ndiyo," Chouchou alijibu kwa Kiswahili cha kwao Pweto. "Lakini mukia haione. Mi siwashe kitu chenye kudanganya batu."

Mathews alimwambia avue kitambulisho chake atoke. Alikivua, akakiweka mezani, kisha akaketi mbele ya swichi. Aliogopa, kazi kama ile Mantapala haipatikani. Lakini hakuinuka. Mmoja wa wanawake wa kusafisha samaki akachukua rula, wenzake wakafuata. Siku ile samaki walipimwa kwa mkono, na lori likaondoka limechelewa.

Kesho yake alasiri Mathews mwenyewe alipitisha chuma, kwanza dirisha likiwa wazi, kisha likiwa limefunikwa turubai. Dirisha likiwa wazi kilisomwa kifupi, likifunikwa kikasomwa sawa. Baadaye mkanda mweusi ukafungwa, kamera ikajengewa boksi lenye taa yake, na ikakubaliwa kila zamu ianze na kile chuma. Kikisomwa vibaya, hapiti samaki hata mmoja.

Mathews akamwambia Chouchou arudi kazini.

"Kwanza mwende kwa Mama Mwewa," Chouchou alisema, "mbele ya wavuvi, museme ni kamera yenu ilikosea."

Mathews alikunja uso, akasema atatuma mtu.

"Apana. Ninyi benyewe, Ba Mathews."

Alhamisi Mathews alipanda boti ya Kilwa. Chouchou alipanda naye, kuhakikisha anasema yote.