Taalay Juu ya Barafu

Gunvor alipomwona mzee Yunis, mzee alikuwa ameshaingia hatua thelathini ndani ya ziwa, anatembea juu ya barafu na ndara za ndani, mkoba wa shule kwapani. Mwezi wa tatu ulikuwa unaisha. Kule katikati barafu ilikuwa imeshayeyuka, bata walikuwa wanaogelea, na yeye alikuwa anaelekea huko huko.

Jirani yake wa ghorofa ya chini, huyo. Alifundisha sarufi ya Kiarabu kule Mosul miaka arobaini. Tangu majira ya baridi yaanze, ugonjwa wa kusahau ulikuwa unamla, na ulianza na Kiswidi chake. Binti yake alikuwa kazini.

"Zimamoto wanakuja," alisema bwana mmoja mwenye mbwa, simu mkononi. "Dakika kumi."

"Dakika kumi atakuwa chini ya maji."

"Basi usiingie wewe, mama. Na huo mwili!"

"Mwili wangu uache. Shika mbwa wako."

Gunvor akamwita mzee kwa Kiswidi. Mzee hata shingo hakugeuza.

Sasa, Gunvor alipeleka barua mjini Växjö miaka thelathini na minane. Bahasha nyingi zilikuwa na maandishi ya Kiarabu mgongoni, na ilimkera kubeba maneno asiyoyajua. Alipostaafu, akajiandikisha darasa la wazee pale maktaba, kila Jumanne. Mwanawe alimcheka: "Kiarabu, mama? Umepata mchumba Baghdadi?" Miaka mitatu sasa, na mbele ya Mwarabu hajawahi kufumbua mdomo. Aliogopa kukosea.

Barafu ikalia, mlio mrefu kama waya unaovutwa.

"Taalay!" alipiga kelele. Njoo! "Taalay, ya ustadhi!"

Mzee akasimama. Akageuka polepole, uso umekunjamana.

"Taalay?" alijibu kwa Kiarabu. "Mimi mwanamke?"

Gunvor akahisi masikio yanawaka. Darasani kwao walikuwa wanawake watano, na mwalimu wao mwanamke. Miaka mitatu wameitana kike tu, hakuna aliyewahi kumwita mwanamume.

"Mwanamume ni taala! Rudia!"

Na huku anasema, mzee alipiga hatua mbili kurudi.

Gunvor akaziona zile hatua. Akatafuta kosa jingine. "Kitabu jamila!" alipaza sauti. Kitabu kizuri, lakini kwa kike.

"Jamil! Kitabu ni cha kiume!" Hatua tatu.

"Shamsi jamil!"

"Jamila! Jua ni la kike! Nani kakufundisha wewe?" Mzee alikuwa anakuja sasa, kidole juu, ndara zinapiga chap chap kwenye maji.

"Unamtukana nini huyo?" bwana wa mbwa aliuliza.

"Nyamaza, nisije nikapatia."

Akaharibu mwezi, akaharibu nyumba, akaharibu mlango. Aliyeogopa kosa moja miaka mitatu, leo anayatafuta na yanamwishia. Mzee akabakiwa na hatua sita. Hapo ndipo Gunvor alipotazama miguuni pake. Mzee alikuwa amepitia kwenye gati la mbao pale pembeni wakati wa kuingia. Sasa anakata moja kwa moja kumjia yeye, na pale ufukweni barafu ilikuwa nyeusi, imelowa, inapumua.

Akikosea tena, mzee atakuja. Akinyamaza, atakuja vilevile.

Simama. Inasemwaje? Qifi, walikuwa wakiambiana darasani. Hiyo ya kike. Ikate mkia, Gunvor, ikate mkia.

"Qif!"

Mzee akaganda, mguu mmoja hewani. Akaushusha palepale ulipokuwa. Uso ukakunjuka.

"Sahihi," alisema. "Endelea."

Akaendelea. Kitabu jamil. Shamsi jamila. Polepole, bila kosa, na mzee anatikisa kichwa kwa kila neno, hasogei. Gunvor alikuwa amefika kwenye siku za wiki, mara ya pili, zimamoto walipolaza ngazi juu ya barafu na kumvuta mzee kifudifudi, mkoba haujamtoka kwapani.

Wakamfunga blanketi. Akamnyooshea Gunvor kidole, akasema jambo refu.

"Anasemaje?" bwana wa mbwa aliuliza.

Gunvor alikuwa ameketi kwenye theluji.

"Sijayapata yote," alisema. "Anasema kesho nije na daftari."